Bima ya Meno na Ng'ombe wa Ukoo

Shule nimeishia darasa la nne, na sioni haya kusema, maana wengi niliowaacha darasani leo wananipigia simu kuomba nyama ya mkopo. Chuo changu kilikuwa mnada. Nilianza kwa kuswaga ng'ombe wa watu kutoka Misungwi mpaka mjini, kandambili nimezishika mkononi zisije zikaisha, na leo nina mabucha, nina lori, na nina nyumba Kiseke yenye geti linaloteleza lenyewe. Sikurithi hata kamba ya kufungia ndama.

Mnadani kuna sheria moja. Hununui mdomo ambao hujaufungua. Unamshika mnyama pua, unashusha mdomo wa chini, unasoma: meno mawili, meno manne, meno sita, huyu kajaza, huyu keshaanza kulika. Muuzaji anaweza kuapa kwa kaburi la mama yake kwamba huyo ni dume mbichi, lakini meno hayajui kuapa. Kwa hiyo niliposikia kwamba hapa mjini kuna watu wanauza bima ya meno, na wanaiuza bila kufunua mdomo wa mtu yeyote, nilicheka mpaka wateja wakageuka.

Nisingejishughulisha nayo kama si binti.

Huyu binti ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mdogo wangu alipofariki, mama wa mtoto alirudi kwao na baadaye akaolewa upande wa Geita. Siku ya kumaliza matanga wazee walinikabidhi mtoto mbele ya watu wote, wakasema, "Huyu sasa ni wako." Nikampakia kwenye gari, akalala njia nzima mapajani mwa mke wangu. Tangu siku hiyo anakula kwangu, anasoma kwa ada yangu, na akikosea anagombezwa kwa sauti yangu. Ananiita baba mkubwa. Wanangu watatu wa kuzaa wanamjua kama dada yao, tena dada mkali, maana ndiye anayewakagua madaftari.

Sasa, huyu mtoto alipokuwa mchanga aliharisha, akapata homa. Mama yangu mzazi akambeba akampeleka kwa mama mmoja kijijini anayeng'oa meno ya plastiki. Kwa wasiojua, nieleze. Watu wa kwetu wakiona mtoto mchanga anaharisha, wanamfunua fizi, wanaona kijivimbe cheupe pale ambapo jino la chonge linajiandaa kutoka, basi wanasema huo ndio ugonjwa, hilo ni jino la plastiki, litamuua. Wanalichimbua na spoku ya baiskeli iliyonolewa kwenye jiwe. Mtoto akipona, inasifiwa spoku. Akifa, ni Mungu kampenda zaidi. Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijaona nyingine ambayo mwenye nayo hapati hasara kwa namna yoyote ile.

Wanachochimbua ni jino la kweli, na chini yake kuna mbegu ya jino la ukubwani. Kwa hiyo meno ya binti yalipokuja kuota, yale ya juu mbele yalitoka kama ng'ombe wenye kiu waliofika kwenye birika dogo: hili limemgeuzia mwenzake mgongo, lile limepandia juu ya fizi, jingine halikutokea kabisa. Chakula kikawa kinanasa mahali ambapo mswaki haufiki. Alipokuwa kidato cha tatu, asubuhi moja aliamka shavu limevimba, jicho moja halifunguki.

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa meno, hapo Nyamagana. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, haongei sana, na nilimpa alama moja nzuri kwa sababu alifungua mdomo kwanza kabla ya kusema lolote.

"Mzee, meno mawili ya mbele yameoza kwa ndani," alisema. "Nje unaona doa dogo tu, lakini mzizi umeshika usaha."

"Yang'oke?"

"Kung'oa ni dakika chache. Ila ana miaka kumi na tano. Ukinipa nafasi nitatibu mizizi, niyazibe, yabaki. Baadaye avae waya, yapangike. Usipofanya mapema, hayo mawili yatang'oka yenyewe, na ya jirani yatafuata."

Hapo ndipo kesi yote ilipo: binti abaki na meno yake ya mbele au abaki na pengo. Daktari akampa dawa ya kushusha uvimbe, akatutajia gharama ya matibabu ya mizizi na ya waya. Ya mizizi nilimeza mate. Ya waya nilikaa chini.

Nyumbani kila aliyepita alitoa ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mmoja. Ng'oa. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu mwenye kabati la vitabu sebuleni, akaniambia, "Bwana, jino likiuma dawa yake koleo." Nilimtazama kinywani. Alikuwa amebakiwa na meno ya kutosha kushikilia kiko. Na huyo ndiye tuliyempa watoto wetu awafundishe sayansi!

Mimi nina neno na watu wa kwetu katika jambo hili. Kwenye mtaa wangu kuna kikundi cha kufa na kuzikana, na kila mtu anachanga, hata yule asiye na viatu. Ukifa utapata jeneza lenye vishikio vinavyong'aa, turubai, wali, na gari la matangazo. Lakini ukiwa hai na jino linauma, utaambiwa usukutue kwa maji ya chumvi. Tunamchangia mtu akishafumba mdomo moja kwa moja. Akiwa bado anautumia, ni shauri yake.

Mke wangu ndiye aliyeleta habari ya bima. Aliisikia kanisani.

"Baba watoto, kuna bima ya familia, wanalipia meno ya wote. Hata na mimi hili la nyuma."

"La nyuma lipi?"

"Si nililokwambia mwaka juzi."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia ukiwa unaangalia mpira."

Basi wakala wa bima akaja buchani kwangu. Dada mmoja kijana, kavaa viatu vya kisigino kirefu, kishikwambi mkononi, anaruka maji ya damu kama anavuka mto. Wateja wakampisha. Akasema, "Shikamoo mzee. Familia yako inastahili tabasamu."

"Marahaba. Mimi nauza nyama, binti yangu. Tabasamu wananunua wapi?"

Akacheka kwa heshima, akafungua picha. Kulikuwa na vifurushi vya aina tatu, wameviita Shaba, Fedha na Dhahabu, kana kwamba tunakwenda machimboni. Akaanza kunisomea kwa sauti ya redio. Nikamwambia aache, anijibu tu ninachouliza.

"Hicho cha Shaba kinafanya nini?"

"Kinagharamia ushauri wa daktari, kusafisha, na kung'oa, mzee."

"Kwa hiyo nalipa mwaka mzima ili ning'olewe?"

"Na kusafisha."

"Unasafisha halafu unang'oa. Kama kuosha ng'ombe kabla ya kumchinja."

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea na cha Fedha: hicho kinaziba, kinatibu mizizi, ila kina kiwango cha mwisho kwa mwaka, ukikivuka unajilipia. Cha Dhahabu kinafika mpaka waya na meno ya bandia, lakini waya mpaka daktari aandike kwamba ni ugonjwa, kwa sababu kampuni yao inahesabu waya kuwa ni urembo.

"Urembo!" nilimwambia. "Mtoto kachimbwa fizi na spoku, meno yamepanda juu ya mengine, hawezi kukata muhindi. Huo ni urembo wa nani?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

Neno hilo, utaratibu, nalijua. Ni geti ambalo msomi hulifunga anapoona mtu anakaribia ukweli. Lakini sikumfukuza, maana hapa msomaji ujue kwamba ninadharau nikiwa nimesikiliza. Nimewaona wenye pesa wakinunua kifurushi cha Dhahabu kwa sababu kinaitwa Dhahabu, na nimewaona maskini wakinunua Shaba kwa sababu ni rahisi, wote hawajatazama mdomo wa mtu hata mmoja nyumbani kwao.

Mimi niliwapanga sebuleni. Mke wangu akasema ni aibu, sisi si mnadani. Nikamwambia sebule ni yangu na tochi ya simu ni yangu. Mwanangu mkubwa, anayeshindia soda, ana matundu kwenye magego mithili ya nyumba za mchwa: huyo anahitaji kuzibwa. Wa pili, meno meupe, hana shida, kusafisha kunamtosha. Wa mwisho bado yuko kwenye kubadili meno, yanadondoka yenyewe bure bila kampuni. Mke wangu alikataa kufungua. Nikamwambia, "Mama, hata ng'ombe mkali anafunguliwa." Akasema, "Ng'ombe ni wewe," ila akafungua, na nikaliona lile la nyuma, limebaki ukingo. Mimi mwenyewe sijawahi kuumwa jino tangu nizaliwe, navunja mfupa wa mbuzi kwa gego.

Jibu likajitoa lenyewe. Fedha kwa familia nzima, iliyokuwa ndani ya uwezo wangu wa kila mwezi bila kugusa pesa ya kununulia mifugo. Matibabu ya mizizi ya binti yangeingia humo. Waya ningejipanga nayo mwenyewe taratibu. Dhahabu ningekuwa nawalipia watu sita kitu anachokihitaji mmoja. Nikauliza na hospitali zinazokubali hiyo kadi, nikampigia yule daktari wa Nyamagana, akasema anaipokea. Nikauliza kipindi cha kusubiri. Wakala akasema cha mizizi ni kifupi, kama tukisajili haraka dawa itamshikilia binti mpaka hapo. Sasa nani anasema mtu wa darasa la nne hawezi kununua bima?

Aliporudi buchani, tukafika kwenye majina. Yule dada akaanza kuandika wategemezi. Mke, sawa. Watoto watatu, sawa, vyeti hivi hapa. Nikampa cha binti.

"Huyu jina la baba si lako, mzee."

"Ni la mdogo wangu. Marehemu."

"Basi huyu si mtoto wako."

Wateja waliacha kuagiza. Hata muuza supu wa jirani aliweka kijiko chini.

"Rudia," nilimwambia.

"Samahani mzee, namaanisha kwa bima. Mtegemezi ni mtoto wa kumzaa, au uwe na karatasi ya mahakama kwamba ndiwe mlezi wake kisheria."

"Nilikabidhiwa mbele ya ukoo mzima. Ng'ombe alichinjwa."

"Hatuna sehemu ya kujaza ng'ombe, mzee."

Nikaenda mahakama ya mwanzo. Karani akaniambia hakuna shida, ila nilete muhtasari wa kikao cha ukoo, umesainiwa, kwamba ndugu wa marehemu wanakubali niwe mlezi. Nikaona ni jambo la mchana mmoja. Nani angekataa? Miaka yote hiyo hakuna ndugu aliyemnunulia binti hata peni.

Jumamosi nikawapakia mke na binti, tukaenda kijijini. Nilinunua mchele, sukari, na mguu wa ng'ombe kutoka buchani kwangu, maana kikao cha kwetu bila nyama kinaahirishwa. Mkubwa wa kikao ni baba yangu mdogo, ndugu wa mwisho wa baba aliyebaki, mzee mwenye fimbo na maneno mengi. Mama yangu akakaa kwenye mkeka pembeni. Mke wangu na binti wakaingia jikoni na wanawake.

Nikaeleza. Meno yameoza, bima inataka karatasi, karatasi inataka saini zenu. Nikakaa.

Baba mdogo akakohoa.

"Tumesikia. Meno. Sasa mwanangu, ukishaandikwa wewe ni baba yake mahakamani, siku posa ikija inakwenda wapi?"

"Posa gani? Mtoto ni mwanafunzi."

"Nauliza tu. Inakuja Kiseke kwenye geti la umeme, au inakuja hapa kwenye boma?"

Wakaanza kunong'ona. Ndipo nikaelewa. Ukoo mzima ulikuwa umekaa pale na wazo kwamba nimebuni maumivu ya jino ili nile mahari ya binti wa marehemu! Mimi, ambaye ng'ombe napandisha kwenye lori kila wiki, nikanyang'anye ng'ombe wa mahari kwa kupitia fizi!

"Leo meno," mmoja akasema, "kesho ng'ombe."

"Na hayo meno yenyewe yana nini?" akaongeza baba mdogo. "Ng'ombe hana meno ya juu mbele, na ananenepa. Ng'oeni."

Wakacheka. Mama yangu naye akadakia kutoka mkekani: "Mimi nilimwokoa huyo mtoto. Yasingechimbuliwa yale ya plastiki mngekuwa mmemzika zamani. Sasa wanalalamika nini?"

Mama ni mama, sikumjibu. Lakini wale wengine nilikuwa nawatazama na nikajiambia: watu hawa hawajui lugha ya daktari, hawajui ya mahakama, hawajui ya bima. Ipo moja tu wanayoijua, na hakuna anayeizungumza vizuri kuliko mimi. Nikasimama.

"Haya. Tuzungumze mnada. Mnyama mwenye pengo mnamnunua bei gani?"

Wakanigeukia wote.

"Baba mdogo, wewe uliuza jike mwaka jana. Mnunuzi alipomfunua mdomo alikupunguzia au hakukupunguzia?"

"Alinipunguzia," akasema kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa.

"Basi binti huyu, msomi, atakuwa na cheti cha kidato cha sita, halafu mkwe anakuja anamkuta hana meno ya mbele. Mtaletewa ngapi? Na akiwa nayo yote, yamepangika, yanang'aa, mtaletewa ngapi? Mimi sitaki hata mkia. Andikeni hapo, ng'ombe wote ni wa boma. Nipeni saini nitibu meno."

Mngewaona! Kalamu ilitafutwa ikapatikana. Wazee waliosema hawaoni bila miwani wakaona mstari wa saini bila miwani. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemwambia mwandishi wa kikao aongeze, "Na mahari yote ya binti yatakuwa mali ya ukoo." Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama binti bado anaumwa. Nikakunja karatasi nikaiweka mfukoni, nikiwadharau, na nikijisifu pia, sitaficha: nilikuwa nimenunua kikao kizima kwa kauli moja.

Nilipogeuka, binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sinia la nyama mikononi. Sijui alisimama tangu lini. Aliweka sinia, akapiga magoti akawasalimu wazee vizuri sana, akaondoka.

Garini binti aligeukia dirisha. Tulipopita Usagara mke wangu akanigusa goti, nami nikamwambia binti yuko salama, amechoka tu. Jumatatu nikamwambia ajiandae, tunapita mahakamani halafu tunampelekea yule dada wa bima karatasi yake.

"Siendi, baba mkubwa."

"Jino limeacha kuuma?"

"Linauma."

"Sasa?"

"Yaache yaoze. Yadondoke yote. Halafu waje wanifunue mdomo, wanipunguzie."

Alisema hivyo wima, shavu limeanza kuvimba upya. Nilipandisha sauti. Nikamwambia nimetumia siku, mafuta na mguu wa ng'ombe. Kwamba maneno yale yalikuwa ni ufunguo tu wa kufungulia wapumbavu. Kwamba mimi ndiye niliyemsomesha na sijawahi kumwekea bei.

"Wewe hujaniwekea," alijibu. "Lakini imeandikwa. Iko mfukoni mwako, na unaipeleka kwa hakimu apige muhuri."

Mke wangu alikuwa anakaanga maandazi. Bila kugeuka akasema, "Baba watoto, hapo umeshikwa."

Niliitoa ile karatasi nikaisoma upya. Mimi ni msomaji wa polepole, na kijijini niliangalia saini tu. Mstari wa meno ulikuwa mmoja. Mstari wa ng'ombe ulikuwa mitatu. Mtu asiyetujua angeiokota angesema ni hati ya mauziano, na mimi ndiye dalali.

"Nikiufuta huu mstari, wazee watakataa," nilimwambia. "Wakikataa, bima haikuchukui. Unaelewa?"

"Naelewa. Ndiyo nimesema yaache yaoze."

Nimewahi kubishana bei na madalali wa Magu ambao hata shetani anawaogopa. Mwenye nguvu mnadani ni yule aliye tayari kuondoka na ng'ombe wake bila kuuza. Huyu mtoto alikuwa tayari kuondoka na pengo lake. Na alinipata pabaya, maana mimi nilikuwa nayataka meno yale kuliko alivyoyataka yeye.

Nikainuka nikaenda kwenye jiko la mkaa, nikamwomba mke wangu asogeze karai. Karatasi ya kikao huwa inaungua vizuri, ina mafuta ya nyama.

"Vaa viatu," nikamwambia binti. "Twende kwa daktari."

"Na bima?"

"Bima ni ya wale ambao kampuni inawajua. Wewe nakujua mimi."

Siku hiyohiyo nilimpigia simu yule dada wa kisigino. Nikamwambia aandike mke na watoto watatu kwenye Fedha. Akauliza, "Na yule mwingine, mzee? Karatasi imepatikana?" Nikamwambia ilipatikana ikaungua. Akasema bila karatasi hawawezi kumsaidia. Nikamwambia hajaulizwa.

Nikafanya hesabu yangu ya kichwani. Kile ambacho ningewalipa wao kwa ajili ya binti kila mwezi, na nyongeza, nakiweka pembeni buchani, mbali na pesa ya mauzo. Daktari alikubali tulipe kwa vipande: kwanza mizizi, halafu kuziba, halafu waya. Hakuna kipindi cha kusubiri wala kiwango cha mwisho cha mwaka, na hakuna mtu wa kuniambia fizi iliyochimbwa ni urembo. Ili kuikamilisha niliuza pikipiki ya bucha ya pili, na kijana wa kupeleka nyama sasa anatumia baiskeli, ananung'unika. Anung'unike. Kadi ya wengine inafanya kazi yake: mkubwa amezibwa, na mke wangu lile la nyuma limetibiwa, ingawa alitoka pale akidai kwamba daktari ana mikono laini kuliko yangu, mbele ya wagonjwa wote.

Nikiulizwa leo na watu wanaotaka kuchagua bima ya meno, na wananiuliza, nawaambia hivi: fungueni midomo ya nyumbani kwenu kwanza, ndipo mfungue kishikwambi cha mtu. Na mkaulize mapema kampuni inamwita nani mtoto. Wengi wetu hapa Usukumani nyumba zimejaa watoto tuliokabidhiwa, tena tunajivunia, halafu tunanunua vifurushi vilivyoshonwa kwa kipimo cha nyumba ya baba, mama na watoto wao tu. Siku ya maumivu ndipo unagundua kwamba unaye mtoto ambaye hayupo.

Binti yuko kidato cha tano sasa. Mizizi ilitibiwa yote miwili, meno yapo, na waya amevaa, anang'aa mdomoni kama mbele ya lori langu. Ukoo haujui kuhusu karatasi. Baba mdogo anaamini iko mahakamani, na kila mwezi ananipigia, sauti laini, kuulizia, kama mtu anavyoulizia mtamba aliyempeleka kwa rafiki kupandwa.

Wiki iliyopita alipiga nikiwa naendesha, simu iko kwenye spika, binti amekaa pembeni yangu.

"Mwanangu, hujambo? Vipi yale meno? Yamefikia wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, binti akainamia simu.

"Shikamoo babu. Yamepona."

"Marahaba mjukuu wangu! Yamepona yote?"

"Yote, babu. Yanang'ata."

Mzee akashukuru Mungu kwa sauti kubwa, akakata simu akiwa na furaha. Hakuelewa kitu. Na mimi sikumfafanulia, nina kazi za kufanya.